Juan Vucetich: Aliyevipa Vidole Ulimi

Juan Vucetich alizaliwa mwaka wa 1858 katika kisiwa cha Hvar, ambacho sasa ni sehemu ya Kroatia. Alihamia Ajentina, na mwaka wa 1888 akaajiriwa na polisi wa mkoa wa Buenos Aires, mjini La Plata. Huko alivutiwa na utafiti wa Mwingereza Francis Galton kuhusu alama za vidole. Mwaka wa 1891 alianza kuhifadhi alama za wafungwa kwa mfumo aliouasisi mwenyewe.

Mtihani ulikuja mwaka wa 1892. Mjini Necochea, watoto wawili wa Francisca Rojas waliuawa. Mama huyo alimshutumu jirani, ambaye aliteswa ili akiri, asikiri. Inspekta Eduardo Álvarez, aliyefuata mbinu za Vucetich, aliona alama ya kidole yenye damu mlangoni. Alikikata kipande hicho cha mbao, akailinganisha alama ile na vidole vya mama. Zikaoana. Rojas alikiri na kuhukumiwa kifungo cha maisha, ilhali jirani aliepukana na tuhuma.

Waama, njia ya mwongo ni fupi. Hata hivyo, Vucetich alipotaka wakazi wote wa mkoa wasajiliwe kwa alama za vidole, mpango huo ulipingwa vikali, ukavunjwa. Chombo kilichomwokoa asiye na hatia kiligeuka, machoni pa wengi, kuwa pingu. Vucetich aliaga dunia mwaka wa 1925, akauachia ulimwengu ushahidi huo pamoja na mjadala wake.