Mkulima Aliyekuwa Ulimi wa Mataifa

Historia ya Marekani husimuliwa zaidi kwa majina ya marais na majemadari. Ni nadra kumkumbuka Conrad Weiser, mkulima aliyezaliwa Württemberg, Ujerumani, mwaka 1696.

Mamake alifariki mwaka 1709. Baba akawachukua watoto, wakapitia London, wakafika New York mwaka 1710 pamoja na Wajerumani wengine maskini waliotakiwa kutengeneza lami ya merikebu za Uingereza. Mwishoni mwa 1712, akiwa na umri wa miaka 16, Conrad alipelekwa na babake kuishi na Wamohawk. Alionja njaa na baridi kali, lakini alirejea akiijua lugha yao.

Mwaka 1729 yeye na mkewe, Anna Eve, walihamia Tulpehocken, Pennsylvania, wakalima. Haukupita muda mrefu, serikali ya koloni ikamwita awe mkalimani. Ukalimani wake ulisaidia kudumisha amani kati ya koloni na Wairokwoi. Hata hivyo, ulimi huohuo ulitumika Philadelphia mwaka 1742, Wairokwoi walipowaamuru Wadelaware kuihama ardhi yao. Mwaka 1755 Wadelaware walishambulia Tulpehocken, naye mkulima akalazimika kuwaongoza majirani katika kujihami.

Weiser alifariki mwaka 1760. Mjukuu wake, Frederick Muhlenberg, alikuwa Spika wa kwanza wa Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 1789.

Walimu wenzangu, tunapowahimiza wanafunzi wajifunze lugha, tusiishie kwenye sarufi. Tuwaulize pia: lugha hiyo itamtumikia nani?