Jim Gray: Msaka hitilafu za kompyuta aliyepotea baharini

Januari 28, 2007, Jim Gray aliondoka San Francisco, Marekani, akiwa peke yake kwenye mashua yake ya tanga, Tenacious. Alikuwa anapeleka majivu ya mama yake kuyamwaga baharini, karibu na Visiwa vya Farallon. Hakurudi.

Huenda jina lake hulijui. Lakini kila unapotuma pesa kwa simu na zikafika salama, unanufaika na kazi yake.

Hakuna nusu nusu

Gray alizaliwa San Francisco mwaka 1944. Mwaka 1969 alikuwa wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Miaka ya 1970, akiwa IBM, alihangaika na swali moja: umeme ukikatika katikati ya muamala, inakuwaje? Pesa imeshatoka kwako, kwa mwenzako haijafika. Jibu lake na wenzake ni kwamba muamala ukamilike wote, au ufutwe wote kama vile haukuwahi kuanza.

Hitilafu zinazojificha

Mwaka 1980 alihamia Tandem, kampuni iliyotengeneza kompyuta zisizotakiwa kuzimika, za wateja kama mabenki. Mwaka 1985 akatoa ripoti kuhusu sababu za kompyuta kusimama.

Ungedhani tatizo ni mashine kufa. Kumbe vifaa vilichangia asilimia 18 tu. Uendeshaji na matunzo ya mifumo yalichangia asilimia 42, na programu 25.

Kwenye programu ndiko kulikuwa na maajabu. Kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja, ujumbe mmoja ukichelewa kidogo tu, mambo yanavurugika. Fundi akija kuangalia, kila kitu shwari! Hitilafu hizo huitwa heisenbagi, kutokana na jina la mwanafizikia Mjerumani Werner Heisenberg. Kati ya hitilafu 132 za programu zilizochunguzwa, ni moja tu iliyokuwa ikijirudia kila mara.

Gray akaona dawa humo humo. Kama ukijaribu tena hitilafu haitokei, basi kazi ihamie kompyuta ya akiba na ijaribiwe upya. Fundi ataitafuta baadaye, mteja hatajua lolote.

Mwaka 1998 alipewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa kuliko zote katika fani ya kompyuta.

Msako

Alipopotea alikuwa na miaka 63, mtafiti wa Microsoft. Walinzi wa pwani walimtafuta kwa siku kadhaa bila mafanikio. Marafiki zake hawakukata tamaa: walipata picha za satelaiti, wakazigawa vipande vidogo vidogo, na maelfu ya watu wa kujitolea wakazikagua mtandaoni, kipande kwa kipande.

Baadaye hata sakafu ya bahari ilipekuliwa. Haukuonekana mwili wala ubao wa mashua.

Mwaka 2012 mahakama ilimtangaza rasmi kuwa amefariki.