MAX SCHOOP, MZEE ALIYENYUNYIZA METALI

Hapa Homa Bay kila mtu anajua shida za mashine ya posho. Shafti ikilika, fundi huijaza kwa kuchomelea, lakini ule moto mkali unaweza kuipinda. Baba yangu mdogo alirekebisha yake mara tatu kwa bei ya chini, halafu bado akanunua mpya. Pesa zikaenda mara nne! Ndiyo maana nataka kuwasimulia maisha ya Max Ulrich Schoop.

Schoop alizaliwa mwaka wa 1870, akawa mvumbuzi huko Uswisi. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa akimtazama mwanawe akicheza na bunduki ndogo. Vidonge vya risasi vilipogonga ukuta vilipondeka, vikawa bapa, vikanata pale pale. Mzazi mwingine angemchapa mtoto kwa kuchafua ukuta, lakini Schoop alianza kuwaza. Je, matone ya metali yakirushwa kwa kasi hayawezi kufunika kitu kingine?

Basi akaanza kujaribu. Mwanzoni aliyeyusha metali akaipuliza kwa hewa yenye nguvu. Kufikia mwaka wa 1912 alikuwa na bastola inayokula waya. Moto wa gesi huyeyusha waya, hewa hurusha matone. Baadaye akatumia umeme pia. Kila tone ni dogo mno na hupoa mara moja, kwa hivyo kifaa chenyewe hakipati joto la kukipinda. Mzee huyu alifariki mwaka wa 1956.

Wakati huo ndege za jeti zilikuwa zimeshaanza kubeba abiria. Sehemu za injini na za magurudumu ya ndege hulika kama shafti yetu, na mpya ni ghali ajabu. Mafundi wakaliendeleza wazo la Schoop. Siku hizi wengine hunyunyiza waya kwa umeme, wengine hutumia plazma, na wengine moto wa gesi unaopita kasi ya sauti.

Sasa swali ni hili: njia ipi ina nafuu? Waya na umeme ni bei ya chini, tena kazi huenda haraka, lakini tabaka lake huwa na vitundu vingi zaidi. Moto wa kasi hula gesi nyingi na unga wa metali wa bei ya juu, lakini tabaka lake hushika sana. Tena si unga wote unaonata, mwingine hupotea bure. Na bado kuna gharama ya kusugua kifaa mpaka kifikie kipimo.

Tuchukue mfano wa kubuni. Njia ya kwanza ni shilingi 10,000 na kifaa kinadumu saa 1,000. Ya pili ni shilingi 18,000 na kinadumu saa 3,000. Ukigawanya, ya kwanza ni shilingi 10 kwa saa, ya pili ni shilingi 6 tu. Tena kila ukarabati ndege hulala chini bila kuingiza hata senti.

Kwa hakika, rahisi ni ghali. Shime wanafunzi wenzangu, tusiulize bei tu. Tuulize pia kitadumu muda gani. Baba mdogo angeuliza hivyo mapema, angeokoa pesa zake.