Mtu Aliyewaamini Vijana

Huko Nyeri, nchini Kenya, kuna kaburi linaloelekea Mlima Kenya. Kwenye jiwe lake imechorwa duara yenye nukta katikati, alama ambayo skauti huiacha njiani kuonyesha kwamba amekwenda nyumbani. Aliyelala hapo ni Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti.

Alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alifariki Robert akiwa na miaka mitatu, naye mama akabaki na mzigo wa kuwalea watoto. Mwaka 1876 aliingia jeshini, akatumika India na Afrika. Katika vita vya Waingereza na Makaburu, kuanzia Oktoba 1899, yeye na watu wake walizingirwa siku 217 katika mji wa Mafeking, Afrika Kusini. Kwa kuwa askari walikuwa wachache, wavulana walipewa kazi ya kupeleka ujumbe. Waliifanya kwa uaminifu, mizinga ikilia.

Mji ulipookolewa Mei 1900, Uingereza nzima ilimshangilia Baden-Powell. Lakini katika mji huohuo Waafrika waligawiwa chakula pungufu kuliko Wazungu, na wengi walikufa kwa njaa. Shangwe za wanadamu huwasahau wengi; Mungu hamsahau hata mmoja.

Kazi yake iliyodumu haikuwa ya vita. Agosti 1907 aliwachukua wavulana wapatao 20, wa matajiri na wa wafanyakazi pamoja, wakapiga kambi katika kisiwa cha Brownsea. Aliwagawa katika vikundi vinne, kila kimoja kikiongozwa na mvulana mwenzao. Mwaka 1908 alitoa kitabu chake kwa wavulana, na vikundi vikazuka kila mahali. Mwaka 1910 aliacha jeshi ili awatumikie vijana, na mwaka 1920 maskauti wa mataifa mengi walimtangaza kuwa Mkuu wa Maskauti wa Dunia. Mwaka 1938 alihamia Nyeri, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941, akiwa na miaka 83.

Wanyakyusa hawatashangaa kusikia hayo. Zamani wavulana wa rika moja walijenga vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao, wakajifunza kuishi pamoja huku wazee wakiwaangalia. Nalo kanisa letu, mwaka 1950, Konferensi Kuu ilikikubali rasmi Chama cha Watafuta Njia, ambamo vijana hufunga mafundo na kupiga kambi, lakini zaidi ya yote humjua Kristo.

Kijana wa Itungi hukabidhiwa mtumbwi na nyavu za baba yake. Huutazama upepo wa Ziwa Nyasa, akaamua kama ataingia majini au atangoje. Siku ya Sabato kijana huyohuyo huambiwa akae nyuma, anyamaze. Je, tunamwamini na samaki kuliko na roho za watu? Mungu alimwita Samweli akingali mtoto, na kijakazi mdogo ndiye aliyemwonyesha Naamani njia ya uponyaji (2 Wafalme 5). Kijana asiyepewa kazi nyumbani mwa Bwana ataipata kwingine.

Kwa kutafakari: Ni kazi gani halisi utamkabidhi kijana mmoja wa kanisa lako kabla ya Sabato ijayo? Je, uko tayari kumwacha aifanye?