Salamone Rossi: Aliyeziimbisha Zaburi

Salamone Rossi alikuwa Myahudi wa Mantua, Italia, mpiga fidla wa watawala wa mji huo. Katika masinagogi, kuimba kwa sauti mbalimbali kulitiliwa shaka. Tangu Hekalu la Yerusalemu libomolewe mwaka wa 70, wengi waliona huo ni wakati wa maombolezo. Rossi hakuvunjika moyo. Akiungwa mkono na rabi Leon Modena, mwaka wa 1623 alichapisha mjini Venice nyimbo 33 za Kiebrania za sauti tatu hadi nane, mojawapo ikiwa Zaburi 137 ya mateka wa Babeli. Mwaka wa 1630 majeshi yaliteka Mantua, Wayahudi wakafukuzwa, nyimbo zikanyamaza. Zaidi ya miaka 200 baadaye zilichapishwa tena Paris. Mwimbaji hupita, wanakwaya wenzangu, sifa hubaki.