Tippu Tip na Uzito wa Mzigo



Katika somo la hesabu tulipewa kazi ya kugeuza ratili kuwa kilo, na wengi wetu tulianguka. Mimi pia. Nilizidisha pahali pa kugawanya, mtu mmoja akapata uzito wa tembo. Sababu ni kwamba ratili hatuijui. Kwetu Masisi na Walikale tunasikia kilo na lita, ao sokoni kopo na besheni. Ratili ni ya watu wa pwani na ya Waingereza. Basi nikaona afadhali nitafute mtu aliyeishi na ratili maisha yake yote. Huyo ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip. Mnalijua jina hilo kutoka somo la historia. Wengi wanalitaja kwa hasira, na hawana makosa.

Alizaliwa Unguja karibu mwaka 1837. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyekaa Tabora, na yeye mwenyewe alianza safari za bara akingali kijana. Juu ya jina lake, wengine wanasema lilitokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Yeye alisema lilitokana na mlio wa bunduki zake. Kila mtu achague.

Kazi yake ilikuwa pembe za tembo, na pembe zilipimwa kwa frasila. Hapa tusimame kidogo. Frasila moja ni ratili 35. Ratili moja ni kilo 0,4536. Kwa hiyo frasila moja ni 35 mara 0,4536, ndiyo kilo 15,88. Kama huna karatasi, sema 16 tu, hutapotea sana. Na ili usifanye kosa langu, jiulize kwanza: kipimo kipi ni kikubwa? Kilo ni kubwa kuliko ratili, kilo moja inapata ratili 2,2. Basi ukitoka ratili kwenda kilo, namba lazima ipungue. Ikiongezeka, ujue umezidisha pahali pa kugawanya.

Mwaka 1867 Tippu Tip alipigana na mfalme Nsama wa Itawa, kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru. Nsama aliogopwa na watu wote wa nchi zile, lakini bunduki zilimshinda. Kwa hesabu yake mwenyewe Tippu Tip, alikuta huko frasila 1950 za pembe na frasila 700 za shaba. Tugeuze: 1950 mara 15,88 ni kilo 30 966, karibu tani 31 za pembe. Shaba ni kilo 11 116, tani 11 na kitu. Ukisoma frasila 1950 haraka haraka unaona ni namba tu. Lakini tani 31 hazikupanda kamio. Tuseme kila mtu abebe frasila mbili, karibu kilo 32. Pembe peke yake zinataka watu 975, na toka huko mpaka bahari ni karibu kilometa elfu moja, kwa miguu. Katika misafara ya namna hiyo wapagazi wengine walilipwa. Wengine walikuwa watumwa, waliokamatwa vijijini, na wao pia waliuzwa pamoja na mzigo. Mwaka uleule mmisionari Livingstone alikutana na Tippu Tip akasaidiwa naye. Livingstone alichukia biashara ya watumwa, lakini njia zilikuwa mikononi mwa wale waliofanya biashara hiyo.

Baadaye Tippu Tip alivuka akaingia Maniema, akaweka makao Kasongo, na watu wake wakaenea kandokando ya Lualaba. Walifuata mito wakipanda mpaka upande wetu. Mto Lowa, ambao maji yake yanatoka katika milima yetu ya Masisi na kupita Walikale, unamwagika ndani ya Lualaba. Kiswahili tunachoandikia gazeti hili kilipita njia hizo hizo, pamoja na moto na minyororo. Hatuwezi kusema kimoja na kuficha kingine.

Mwaka 1876 Stanley alifika, akataka asindikizwe kuteremka Lualaba. Wakapatana miendo 60 kwa dola 5 000, mwendo mmoja ni masaa 4. Angalieni kipimo hicho! Hawakuhesabu kilometa, walihesabu masaa ya kutembea. Hata sisi tunafanya hivyo: ukimuuliza mzee kijiji fulani kiko mbali namna gani, atakujibu kwa masaa. Lakini masaa 4 katika njia kavu na masaa 4 katika matope ya pori havilingani. Toka Goma kwenda Sake ni kilometa 25 na zaidi, mvua inyeshe ao isinyeshe. Msafara ulipoingia msituni watu waliugua, njia ikawa mbaya, na miendo 60 ikaonekana haina mwisho. Tippu Tip alitaka kurudi, wakabishana, na mwisho wa Desemba 1876 wakaachana kule Vinya Njara. Stanley akaendelea na mitumbwi.

Mwaka 1887 walipatana tena, Unguja. Tippu Tip alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, chini ya Leopold II mfalme wa Wabeleji, kwa mshahara wa pauni 30 kila mwezi. Pia aliahidi wapagazi 600 kwa safari ya Stanley ya kumtafuta Emin Pasha. Stanley alitangulia mwezi wa sita, akaacha nyuma kikosi kule Yambuya pamoja na mizigo, wangojee wapagazi. Wakangoja karibu mwaka mzima. Wengi walikufa pale kwa njaa na magonjwa.

Wapagazi walipofika, mwaka 1888, walikuwa karibu 400 tu, si 600. Halafu ikatokea shida ya mizani. Mizigo ilikuwa imefungwa ratili 60 kila mmoja. Tippu Tip akakataa, akasema watu wake watabeba ratili 40. Ikabidi kufungua yote na kuifunga upya. Fanyeni hesabu: ratili 60 ni kilo 27,2, na ratili 40 ni kilo 18,1. Tofauti ni kilo 9, karibu nusu ya bidoni ya lita 20 iliyojaa maji. Kwenye karatasi ni kidogo, lakini juu ya kichwa, siku 30 ndani ya pori, si kidogo. Upande mwingine, mizigo miwili ya 60 inakuwa mitatu ya 40, kwa hiyo watu wanaotakiwa wanaongezeka kwa nusu, na watu walikuwa wamekwisha pungua. Wazungu waliona ni hila. Pengine ilikuwa hila. Lakini mimi, mtoto wa nchi ya wabeba mizigo, siwezi kucheka ombi hilo. Katika miaka ya 2000, kule Bisie katika Walikale, vijana walibeba madini ya kasiterite kilo 50 kila mmoja, kupita msitu mpaka barabara. Kilo 50 ni ratili 110, ndiyo frasila tatu na zaidi. Hakuna liwali aliyekuja kuwapunguzia.

Kikosi kiliondoka Yambuya mwezi wa sita. Tarehe 19 Julai 1888 mkubwa wake, Barttelot, alipigwa risasi kule Banalya, akafa.

Wakati huohuo Ulaya ilikuwa inamaliza habari ya vipimo. Mwaka 1875 mataifa 17, Ubeleji mmojawapo, yalitia sahihi mapatano ya meta huko Paris. Mwaka 1889, Tippu Tip akingali liwali, kilo ya mfano, kipande kidogo cha platini na iridi, ilikubaliwa rasmi na kutunzwa Sèvres karibu na Paris. Ilitumika mpaka tarehe 20 Mei 2019, ambapo wataalamu waliweka kilo juu ya kanuni ya fizikia pahali pa chuma. Wabeleji walikuja Kongo na kilo yao. Ndiyo sababu leo hapa kwetu hakuna anayeuza maharagi kwa ratili.

Tippu Tip aliondoka Stanley Falls mwaka 1890, hakurudi tena. Vita kati ya Waarabu na serikali ya Leopold vilianza mwaka 1892, na mwanawe Sefu aliuawa mwaka 1893. Yeye alikaa Unguja, akaandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazitoa katika kitabu. Alikufa Unguja mwezi wa sita 1905. Ndani ya kitabu chake pembe zinahesabiwa kwa frasila mpaka mwisho. Anayetaka kukisoma aweke 15,88 kando.