Mwana wa Ihithe aliyeikataa saruji

Wengi wetu hapa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, huamini kwamba joto la mji ni shida ya watu wa Mombasa. Hata hivyo, adhuhuri ya kiangazi, apitaye juu ya uwanja uliosakafiwa hulisikia joto likimpanda miguuni. Lami na saruji hulinyonya jua mchana kutwa, na usiku huurudisha ule moto hewani. Mti, kwa upande wake, hutia kivuli, na mvuke wa majani yake huipoza hewa. Jambo hili alilielewa vyema jirani yetu wa Nyeri, marehemu Profesa Wangari Maathai.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe. Mamake alimkanya asiokote kuni za mugumo uliokuwa karibu na kijito. Alisomea biolojia Marekani, na mwaka 1971 akatunukiwa shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati. Aliporejea kijijini baadaye, mugumo ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka. Elimu ya chuo na onyo la mama vikakutana.

Mnamo Juni 1977 miche saba ilipandwa Kamukunji, Nairobi, na vuguvugu la Green Belt likazaliwa. Mwaka 1989 ulitokea mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru. Aliandika barua, akaenda mahakamani akashindwa, akakejeliwa bungeni. Hakunyamaza. Wafadhili wa kigeni walijitoa, na bustani ikasalimika. Januari 1999 alijeruhiwa kichwani akijaribu kupanda mti katika msitu wa Karura.

Habari ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2004 ilipomfikia, aliisherehekea huko Nyeri kwa kupanda mti akiukabili Mlima Kenya. Alipofariki tarehe 25 Septemba 2011, jeneza lake lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na magugu-maji, kwani hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Wapo wasemao saruji huondoa matope. Ni kweli, na njia ya kupita yahitajika. Lakini je, ua wote wa shule lazima usakafiwe? Walimu na wanafunzi, ng'oeni japo pembe moja ya sakafu, mpande mti wa kienyeji, mkaumwagilie. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.